Memori Kadi kwa Kazi za Kitaalamu: SD ya Kawaida, SD ya Kasi, CFexpress au microSD?

Mpiga picha za harusi wa Mtwara mjini, mpima ardhi anayerusha droni juu ya mikorosho ya Tandahimba, na katibu wa chama cha msingi cha Nachingwea anayetaka kufunga kamera za ulinzi ghalani wanaweza kuingia katika duka moja wakiulizia memori kadi, na wote watatu wakapokewa kwa swali lilelile: “Unataka ya GB ngapi, kaka?” Swali hilo lina maana, lakini halipaswi kuwa la kwanza. Kadi ya GB 256 inayoandika polepole inaweza kuisimamisha kamera katikati ya kiapo cha ndoa, ilhali kadi ya GB 64 yenye kasi ya uhakika ingeibeba shughuli hiyo kwa kubadilishwa tu pale nafasi inapokwisha. Anayetegemea kifaa chake kwa riziki anapaswa kuanza na maswali mawili mengine: kifaa changu kinaandika data kiasi gani kwa sekunde, na je, kazi hii ikipotea, inaweza kurudiwa?

Makala haya yanalinganisha aina nne za kadi ambazo mtaalamu wa mikoa ya Lindi na Mtwara atalazimika kuzichagua kati yake leo. Ya kwanza ni SD ya kawaida, yaani ile ya mfumo wa UHS-I (njia ambayo kadi na kifaa hupitishiana data) yenye alama ya kasi ya V30. Ya pili ni SD ya kasi, ya mfumo wa UHS-II, yenye alama ya V60 au V90. Ya tatu ni CFexpress, inayotumika katika kamera za daraja la juu na inayopatikana kwa maumbo mawili makuu, aina A na aina B. Ya nne ni microSD, kadi ndogo ya droni, vinasa sauti vidogo na kamera za ulinzi, ambayo nayo ina tawi lake maalumu lililotengenezwa kwa ajili ya kurekodi mfululizo usiku na mchana.

Vigezo vya kulinganishia

Kadi zote nne zitapimwa kwa mambo matano. Kwanza ni tundu la kifaa, kwa sababu kadi isiyoingia au isiyosomeka haina kasi wala ujazo wa kuzungumziwa. Pili ni kasi ya kuandika isiyoshuka, na hapa ndipo makala yatakapokaa kwa muda mrefu, kwa kuwa ndipo wanunuzi wengi wanapopotoshwa na maandishi ya paketi. Tatu ni ujazo kwa kuangalia kazi yenyewe. Nne ni uimara, maana yake uwezo wa kuvumilia joto, chumvi, kushikwashikwa na kuandikwa upya mara nyingi. Tano ni gharama kamili, ikijumuisha kisoma kadi, muda wa kuhamisha kazi na urahisi wa kuipata kadi nyingine pale ya kwanza inapoharibika ukiwa Liwale au Newala.

Tundu la kifaa

SD ya kawaida na SD ya kasi zina umbo moja, milimita 32 kwa 24, na zote huingia katika tundu lilelile. Tofauti iko mgongoni. Ukiigeuza SD ya kawaida utaona safu moja ya vibati vya dhahabu, lakini ukiigeuza SD ya kasi utaona safu ya pili, fupi, chini ya ile ya kwanza. Kama tundu la kamera yako halina pini za kugusana na safu hiyo ya pili, kadi itafanya kazi vizuri kabisa, ila kwa kasi ya UHS-I, na fedha uliyoongeza itakuwa imelala bure. Jambo hili linahitaji uangalifu hata kwa kamera yenye matundu mawili. Sony A7 III, kwa mfano, ina tundu la kwanza la UHS-II na la pili la UHS-I, kwa hiyo anayeandika picha zilezile katika kadi zote mbili kwa wakati mmoja atasubiri mwendo wa lile la pili, hata akiweka kadi ya gharama kiasi gani katika la kwanza. Canon EOS R6, kwa upande wake, ina matundu mawili ya UHS-II, na hapo SD ya kasi inapata nafasi yake kamili.

CFexpress haisamehe makosa ya ununuzi. Aina A na aina B zinatofautiana kwa ukubwa na hazibadilishani. Kamera za Sony zenye tundu la aina A hupokea pia kadi za SD katika tundu hilohilo, lakini tundu la aina B, kama lile la Canon EOS R5 au Nikon Z8, halipokei SD, ingawa kamera hizo mbili zina tundu la pili la SD pembeni. MicroSD nayo inaweza kuvalishwa adapta na kuingia katika tundu la SD, na wengi hufanya hivyo. Kwa kazi ya kulipwa, ushauri wangu ni kuiacha adapta kwa dharura pekee, kwa kuwa kila mahali pa kugusana panapoongezwa ni mahali pengine pa kulegea.

Lipo pia suala la kizazi cha kadi, ambalo huwaumiza zaidi watu wa redio. Kadi za SDHC huanzia juu ya GB 2 hadi GB 32 na hutumia mfumo wa faili (namna ya kupanga data ndani ya kadi) wa FAT32, wakati SDXC huanzia juu ya GB 32 hadi TB 2 na hutumia exFAT. Kinasa sauti cha Zoom H5 au H4n Pro kimetengenezwa kwa kadi zisizozidi GB 32, ilhali Zoom H6 hupokea hadi GB 128. Mwandishi wa redio ya jamii anayenunua GB 64 kwa sababu bei zimekaribiana anaweza kujikuta mbele ya mtu aliyekubali kuhojiwa, mkononi ana kinasa sauti kinachoikataa kadi.

Kasi ya kuandika

Chukua kadi ya SD inayouzwa sana, uisome taratibu. Maandishi makubwa kuliko yote ni ujazo, tuseme 128 GB. Chini yake kuna namba kama 170 MB/s au 200 MB/s. Namba hiyo ni kasi ya juu kabisa ya kusoma, tena mara nyingi kwa kisoma kadi maalumu cha mtengenezaji huyohuyo, kwa sababu mfumo wa UHS-I wenyewe una kikomo cha megabaiti 104 kwa sekunde. Kamera yako hairekodi kwa kusoma, inarekodi kwa kuandika. Pembeni, kwa herufi ndogo, kuna namba I au II ya Kirumi inayotaja mfumo, herufi C yenye 10 ndani yake, herufi U yenye 1 au 3, na herufi V inayofuatwa na namba. Alama hizo za C, U na V ndizo ahadi inayokuhusu, kwa kuwa zinataja kasi ya chini ambayo kadi haitakiwi kushuka wakati wa kurekodi video: U1 ni megabaiti 10 kwa sekunde, U3 na V30 ni 30, V60 ni 60, na V90 ni 90.

Sasa weka ahadi hiyo kando ya kamera. Vitabu vya kamera hutaja video kwa megabiti, na megabiti 8 ni megabaiti 1, hivyo gawanya kwa 8. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde, ambayo ndiyo inayorekodiwa na kamera nyingi za harusi, inahitaji megabaiti 12.5 tu kwa sekunde. SD ya kawaida yenye V30 inaimudu na kubakiza zaidi ya nusu ya uwezo wake. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu vijana wengi wanaoanza kazi wanaambiwa kwamba bila kadi ya bei kubwa hawawezi kurekodi 4K, wakati kinachotakiwa ni V30 halisi, isiyo feki.

SD ya kasi inaanza kuwa ya lazima pale mtu anapochagua mfumo mzito wa kurekodi ili apate nafasi zaidi ya kurekebisha rangi. Sony A7S III inaweza kufika megabiti 600 kwa sekunde, ambazo ni megabaiti 75, na hapo hata V60 haitoshi, inatakiwa V90 au CFexpress aina A. Katika picha mnato SD ya kasi husaidia kwa namna nyingine. Mpiga picha wa mpira katika Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa, akifyatua picha ghafi (RAW, ambazo kamera haijazichakata) 10 kwa sekunde, kila moja ikiwa na takriban megabaiti 25, anazalisha megabaiti 250 kila sekunde. Kamera huzipokea kwanza katika kumbukumbu yake ya muda, kisha huzimwaga kwenye kadi. Kadi ya UHS-I, ambayo haiwezi kuvuka 104, itaifanya kamera igande wakati mchezaji anashangilia bao, wakati UHS-II, yenye kikomo cha megabaiti 312, huimwaga foleni hiyo mapema zaidi.

CFexpress imejengwa juu ya teknolojia ileile ya mawasiliano inayotumiwa na diski za kisasa za ndani ya kompyuta. Katika toleo la 2.0 la mwaka 2019, aina A ina kikomo cha takriban megabaiti 1,000 kwa sekunde na aina B takriban 2,000, na toleo la 4.0 la mwaka 2023 liliviongeza vikomo hivyo maradufu. Kuna kazi ambazo haziwezekani bila kadi hii. Canon EOS R5 ikirekodi 8K ghafi hutoa takriban megabiti 2,600 kwa sekunde, yaani megabaiti 325, na hakuna kadi ya SD ya UHS-II inayoweza kuzibeba. Hata hivyo, kikomo cha juu si ahadi ya kudumu. Kadi za bei nafuu za aina hii huanza kwa kishindo kisha huporomoka zinapojaa au kupata joto. Mnunuzi atafute alama ya VPG200 au VPG400, inayoahidi kasi ya kuandika isiyoshuka chini ya megabaiti 200 au 400 kwa sekunde.

MicroSD hutumia alama zilezile za U na V, na droni nyingi za kazi hurekodi kati ya megabiti 100 na 200 kwa sekunde, kiasi ambacho V30 hukimudu. Droni ya kupimia mashamba inayopiga picha moja ya megabaiti 20 kila sekunde 2 inahitaji megabaiti 10 tu kwa sekunde. Alama za A1 na A2 zinazopamba kadi nyingi ndogo zinahusu kuendesha programu kwenye simu, na hazikuongezei chochote katika kurekodi.

Ujazo

Hapa hesabu ni nyepesi na aina zote nne zinafuata kanuni moja. Video ya megabiti 100 kwa sekunde hula GB 45 kwa saa. Harusi yenye saa 3 za video iliyorekodiwa itakula GB 135 kwa kamera moja, kiasi kinachozidi kadi moja ya GB 128. Sauti ya redio ya ubora wa juu, yaani WAV ya biti 24 na kilohezi 48 kwa njia mbili, hula takriban GB 1 kwa saa, hivyo GB 32 hutosha kwa zaidi ya siku nzima ya mazungumzo. Kamera moja ya ulinzi inayorekodi kwa megabiti 4 kwa sekunde hula GB 43 kwa siku, na kadi ya GB 128 itaanza kujifuta baada ya siku 3 hivi.

SD ya kawaida na microSD zinapatikana kwa ujazo mkubwa bila kuumiza mfuko. SD ya V90 hupanda bei haraka ujazo unapoongezeka, kwa hiyo wengi huishia GB 64 au 128 na kubeba kadhaa. CFexpress inaweza kuwa kubwa sana, lakini 8K ghafi huimaliza nafasi hiyo kwa kasi inayolingana: GB 512 hujaa kwa takriban dakika 26.

Kwa kazi isiyorudiwa, naona ni busara zaidi kubeba kadi mbili za GB 128 kuliko moja ya GB 256. Mwali hutolewa nje mara moja, na bibi harusi huingia ukumbini mara moja. Kadi moja ikifa baada ya saa mbili, nusu ya kazi inabaki salama. Kamera yenye matundu mawili na iwekwe iandike kotekote, hata ikibidi kupunguza kasi ya kufyatua.

Uimara

Pwani yetu ina adui wawili wa kadi, chumvi na unyevu. Mtu anayefanya kazi Shangani, Mikindani au ndani ya mashua ya kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani anavuta hewa ya bahari siku nzima, na vibati vya kadi vinaivuta pamoja naye. SD, iwe ya kawaida au ya kasi, ina ganda jembamba la plastiki ambalo hupasuka pembeni, na kitelezi cha kuzuia kuandika hulegea hadi kamera ikaamini kuwa kadi imefungwa. SD ya kasi ina vibati vingi zaidi, hivyo ina sehemu nyingi zaidi za kuchafuka. Baadhi ya watengenezaji wameleta SD za ganda moja lisilo na kitelezi, na kwa mtu wa nyanjani hizo zinastahili fedha ya ziada.

CFexpress ndiyo yenye mwili mgumu zaidi, mnene wa milimita 3.8 kwa aina B, na vibati vya aina hiyo havichomozi mahali vidole vinapogusa. Tatizo lake ni joto. Baada ya kurekodi kwa muda mrefu huweza kutoka ya moto mkononi, na katika ukumbi usio na kiyoyozi mwezi wa Desemba kamera yenyewe inaweza kujizima kabla ya kadi kulalamika. MicroSD ni kipande kimoja kilichofinyangwa bila uwazi ndani, na huvumilia maji na vumbi kuliko inavyotarajiwa. Udhaifu wake ni udogo. Ina milimita 15 kwa 11, na ikidondoka katika majani makavu chini ya mkorosho, itafutwe na watu wengi wenye subira.

Uimara wa pili ni wa ndani. Chipu za kadi huchakaa kila zinapoandikwa upya, na kamera ya ulinzi huandika bila kupumzika. Watengenezaji kadhaa huweka wazi katika masharti ya dhamana kwamba kadi zao za kawaida hazidhaminiwi kwa kurekodi mfululizo. Kwa kazi hiyo kuna microSD za kudumu, kama SanDisk High Endurance na Samsung PRO Endurance, ambazo paketi zake hutaja saa za kurekodi. High Endurance ya GB 128 imetajwa kuwa na hadi saa 10,000 za video ya Full HD, na mwaka mmoja una saa 8,760. Katika familia moja ya kadi, yenye ujazo mkubwa hudumu zaidi, kwa kuwa kila sehemu yake huandikwa upya mara chache. Aina nyingine tatu hazina sababu ya kuhofia jambo hili katika matumizi ya kawaida ya kupiga, kuhamisha na kufomati.

Hakuna hata moja kati ya hizi nne iliyo ghala la kutunzia kazi za wateja kwa miaka. Chipu iliyoachwa bila umeme katika joto hupoteza data polepole, na zaidi ikiwa imekwisha kuchakaa.

Gharama kamili

SD ya kawaida na microSD zinapatikana karibu kila mji, kuanzia Masasi hadi Kilwa Masoko, na kompyuta au kisoma kadi chochote huzisoma. SD ya kasi na CFexpress mara nyingi huagizwa Dar es Salaam na kufika kwa basi, na bei ya CFexpress kwa ujazo uleule huwa mara kadhaa ya SD ya kawaida, huku ikidai kisoma kadi chake. Anayeharibikiwa na CFexpress pekee aliyonayo Ijumaa hatapata nyingine kabla ya harusi ya Jumamosi, hivyo hesabu ya kadi hiyo lazima ianze na mbili.

Upande wa pili wa mizani ni muda. GB 128 kupitia kisoma kadi cha zamani cha USB 2.0 huchukua takriban saa nzima. SD ya kawaida kwa USB 3.0, ikienda megabaiti 90 kwa sekunde, huchukua dakika 24, na SD ya kasi kwa kisoma kadi chake hushuka chini ya dakika 10. Kwa studio inayohamisha kazi ya kamera tatu usiku, umeme nao ukiwa wa kukatikakatika, tofauti hiyo ni kubwa. CFexpress ingeweza kumaliza kwa dakika mbili au tatu, lakini kwa sharti kwamba data inaingia katika diski ya SSD. Ikiingia katika diski ya nje ya kuzunguka, ambayo ndiyo iliyojaa katika studio zetu, mwendo utakuwa wa diski hiyo, megabaiti 100 na ushei kwa sekunde, na kadi ya kifahari itasubiri pamoja na nyingine.

Kwa aina zote, tenga muda wa kupima kadi mpya kabla ya kuipeleka kazini. Kadi feki husema ni ya GB 256 wakati chipu yake ni ya GB 16, na hukubali kuandikiwa hadi mwisho huku ikifuta ya nyuma. Programu ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux na Mac, huijaza kadi yote kisha huisoma tena na kutaja ujazo wa kweli pamoja na kasi ya kuandika. Kadi ya bei ya kutupa ipimwe, na ya bei kubwa ipimwe vilevile.

Uchague ipi kwa hali yako

Kama unapiga harusi, vikao na sherehe za kutoa mwali kwa 4K ya megabiti 100, SD ya kawaida yenye V30 inakutosha kiufundi, na fedha inayobaki iweke katika kadi za ziada ili kila shughuli iandikwe mara mbili. Ukiona kamera inaganda unapofyatua picha mfululizo, au unapoteza usiku kucha ukihamisha kazi, na kamera yako ina pini za UHS-II, hapo SD ya V60 inalipa gharama yake. V90 iache hadi siku utakapochagua mfumo wa kurekodi unaoidai kwa jina.

Kama kazi yako ni michezo kwa kamera ya daraja la juu, au unarekodi matangazo kwa 8K na video ghafi, CFexpress ndiyo njia, na aina yake imekwisha kuamuliwa na tundu la kamera. Mwenye Canon EOS R5 asiyerekodi 8K anaweza kuishi kwa SD ya kasi katika tundu la pili kwa muda mrefu akijipanga kununua CFexpress mbili kwa pamoja.

Kama unapima mashamba, unafuatilia mikorosho kwa droni, au unapiga picha moja moja za magofu ya Kilwa Kisiwani kwa ajili ya kutengeneza ramani ya pande tatu, kasi si tatizo lako. MicroSD au SD ya V30 ya GB 64 au 128, ikihamishwa kila jioni, ni sahihi kuliko kadi kubwa inayobeba wiki nzima ya kazi juu ya kifaa kinachoweza kudondokea Mto Ruvuma. Vihifadhi vya kadi viwe vya plastiki ngumu vyenye mpira wa kuzuia maji, na ndani yake kuwe na kifuko cha kufyonza unyevu. Vibati vifutwe kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi.

Mwandishi wa redio anunue SDHC ya GB 32 kama kinasa sauti chake kinaishia hapo, hata akikuta ya GB 128 kwa bei ileile.

Na kwa chama kinachofunga kamera za ulinzi ghalani, ni microSD ya kudumu pekee, ya ujazo mkubwa kadiri kamera inavyoruhusu, kwa kuwa ndiyo inayoongeza siku za kumbukumbu na umri wa kadi kwa pamoja. Tarehe ya kuifunga iandikwe katika daftari la ghala, mtu mmoja apewe jukumu la kufungua rekodi ya jana kila wiki na kuthibitisha kwamba inacheza, na kadi iliyokaribia saa zake ibadilishwe Septemba, kabla magunia ya korosho hayajaanza kupokelewa na minada ya Oktoba haijafunguliwa.